Kaa ndani ya kome: je, sufuria imwagwe?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Uingereza. Juzi nilichemsha kome weusi wa magamba mawili. Tulipokaa kula, mwanangu akafungua mmoja akakuta kaa mdogo ndani, hazidi punje ya njegere. Sisi ni Mashafii na kwetu kaa haliwi. Nilimwaga sufuria nzima. Je, nilifanya sawa? Na kaa huyo ana hukumu gani?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Allah akulipe kheri kwa kuchunga kinachoingia tumboni mwa wanao. Lakini chakula kile hakikustahili kumwagwa.

Tuanze na kome mwenyewe. Aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, na Mtume (s.a.w.) amesema kuhusu bahari kwamba maji yake ni twahara na maiti wake ni halali. Pamoja na hayo, Mashafii wa zamani walikhitilafiana juu ya mnyama mdogo wa gamba anayeitwa kwa Kiarabu danilas, ambaye ni wa jamii ya hao kome wako. Ibn Adlan na maimamu wa zama zake walifutu kuwa ni halali, kwa sababu ni chakula cha bahari na haishi ila humo. Kutoka kwa Izzuddin bin Abdissalam ikanukuliwa kuwa ni haramu. Waliotilia nguvu uharamu walisema danilas ndiye asili ya kaa, eti kaa huzaliwa kutokana naye.

Nilipokuwa nasoma, hoja hiyo ilinitatiza sana. Kome amzae kaa? Leo naiona wazi: nadhani kuna mtu alifungua gamba akakuta hasa alichokikuta mwanao, akahukumu kwa alichokiona. Hakudanganya, ila hakuona mwanzo wake.

Kaa huyu hazaliwi na kome. Mama yake ni kaa. Akiwa kijidudu kisichoonekana kwa urahisi huelea baharini, kisha hujipenyeza ndani ya gamba na kukaa humo akila chakula ambacho kome amekichuja majini, na mara nyingine humjeruhi mwenyeji wake matamvua. Dume ni mdogo na huweza kutoka. Jike hunenepa, gamba lake likawa laini, karibu uone mayai ndani yake, na hapo hatoki tena. Basi ni mgeni tu, na hukumu ya mgeni haimgeuzi mwenye nyumba. Kome wako ni halali.

Sasa kaa mwenyewe. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika kitabu chake Minhaj amemtaja kaa pamoja na chura na nyoka miongoni mwa wanaoishi nchi kavu na baharini, akasema ni haramu. Haya ndiyo mliyolelewa nayo. Lakini Nawawi huyo huyo, katika kitabu chake kingine, Majmuu, amesema kauli sahihi yenye kutegemewa ni kwamba vyote vya baharini maiti wao ni halali isipokuwa chura. Wamaliki wanamhalalisha kaa, na Wahanafi hawali cha baharini ila samaki.

Tazama basi ile sababu ya uharamu: kuishi pande zote mbili. Kaa wa mikoko hupanda mizizi na kutembea kwenye tope, lakini huyu wa kwenye kome ukimweka mezani hafiki popote. Kwa hiyo kwangu mimi sababu haimgusi, na aliyemla pamoja na kome hana dhambi. Ukitaka kubaki na desturi ya kwenu, mtoe kwa ncha ya kijiko, mweke pembeni, mle kome. Hilo ni zuri pia, ila usimwambie jirani aliyemla kwamba kala haramu.

Ama mchuzi, hata kwa anayemharamisha haunajisiki. Kaa hana damu inayotiririka, na maiti wa mnyama wa aina hiyo, akikutwa katika maji au chakula bila kutiwa makusudi wala kukibadilisha, amesamehewa kama nzi.

Ulichomwaga kwa kutojua, Allah anasamehe. Mara nyingine mwache mwanao amwangalie kaa vizuri kabla hujamtoa.

Wallahu aalam.