Mnaoanza Python: hakikisheni data imefika kwenye faili

Wadogo zangu mnaojifunza Python, wengi mkishaielewa dikshonari tu mnakimbilia kuweka MySQL, databesi inayoendeshwa na seva, wakati programu yenyewe ni ya mtu mmoja anayeandika madeni ya duka lake kwenye laptopu. Kazi ya hivyo haihitaji seva. Python inakuja na moduli inaitwa dbm, unaandika db = dbm.open("madeni", "c") basi, ushapata databesi, ni faili tu hapo hapo kwenye folda, unaipa ufunguo inakupa thamani. Na wazo si la jana, dbm ya kwanza aliiandika Ken Thompson kule AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 1979.

Ile herufi ya mwisho muiangalie sana. "c" inafungua faili, na kama halipo inalitengeneza. "n" inatengeneza jipya kila mara, yaani madeni yote ya nyuma yanafutika na haikuulizi kitu. Mtu anakopi mfano wenye "n", anajaribu, inafanya kazi vizuri, kesho akiwasha programu hakuna mteja hata mmoja anayedaiwa! Usipoandika herufi yoyote inachukua "r", ya kusoma tu.

Halafu dbm inatunza baiti, yaani data ghafi, si namba wala maandishi ya kawaida. db["juma"] = 5000 inaweza kugoma, andika "5000". Ukisoma unapata b'5000', na ukiilinganisha na "5000" Python inakwambia si sawa, bila erori yoyote, kwa hiyo igeuze kwanza, int(db["juma"]) inatosha.

Kama kugeuza geuza kunakuchosha kuna shelve, imejengwa juu ya dbm, inapokea listi, dikshonari, karibu kila kitu. Hapa naomba mtulie kabisa maana ndo wengi wanapopotezea data. Tuseme duka ni faili ulilolifungua kwa shelve, na duka["juma"] ina listi ya madeni, we unaandika duka["juma"].append(2000), hakuna erori, halafu unaprinti duka["juma"] unakuta listi ni ile ile ya zamani. Kilichotokea ni kwamba duka["juma"] imesoma faili ikakupa kopi kwenye memori, umeongeza kwenye kopi, na kopi imetupwa. Faili linaandikwa pale unapoirudisha mwenyewe:

madeni = duka["juma"]
madeni.append(2000)
duka["juma"] = madeni

Kuna watakaokwambia weka writeback=True yaishe. Inasaidia kweli, ila kila ulichokigusa kinakaa kwenye memori na wakati wa kufunga vyote vinaandikwa upya, data ikiwa nyingi kufunga kunachelewa, na umeme ukikatika kabla hujafunga mabadiliko yako yamekwenda. Mimi nashauri hiyo mistari mitatu, unajua kabisa lini kitu kimeandikwa. Na fungueni kwa with, ili faili lijifunge hata erori ikitokea katikati.

Kuhamisha mashine nako kuna mambo. dbm inachagua yenyewe aina ya faili kutokana na ilichokikuta kwenye kompyuta: Linux nyingi ilikuwa aina inayoitwa gdbm, Windows zamani unakuta mafaili ya .dat na .dir, na kuanzia Python 3.13 ya mwaka 2024 inatanguliza SQLite, databesi ndogo inayokaa kwenye faili moja. Ndo maana faili la mwenzako linaweza kukataa kufunguka kwako. Mkitaka kupeana data toeni kwanza kwenye JSON, yaani faili la maandishi ya kawaida, tena ni salama zaidi, kwa sababu shelve inatumia pickle, njia ya Python ya kugeuza vitu kuwa baiti, na faili la pickle kutoka kwa mtu usiyemjua linaweza kuendesha amri kwenye kompyuta yako.

Siku watu wawili wakianza kuandika kwa wakati mmoja, au mwenye duka akitaka orodha ya wote wanaodaiwa zaidi ya 10,000, hapo hamieni sqlite3 yenyewe, moduli ya Python ya kutumia SQLite moja kwa moja. Nayo ni faili tu, na bado MySQL huihitaji.