Maswali ya Wasomaji: Gemupadi, au Kipanya na Kibodi?

Barua tatu za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na zote zinahusu vifaa vya kuchezea michezo ya kompyuta. Ya kwanza ndiyo iliyonichukulia nafasi kubwa, kwa kuwa ina ugomvi wa kifamilia ndani yake.

Swali. Shikamoo. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, na kazi yangu ni kuchapa na kutoa nakala katika duka la mjomba. Jioni, tukishafunga duka, hucheza michezo miwili katika kompyuta yangu: mpira wa miguu na ule wa kupigana kwa bunduki. Wakati wa Maulidi binamu yangu alikuja kutoka Malindi na kompyuta yake ya mkononi pamoja na gemupadi, kile kifaa cha kushika kwa mikono miwili chenye vijiti na vitufe. Tukaunganisha kompyuta zetu kwa waya, akanifunga mabao saba kwa moja mbele ya watu wa barazani. Tulipohamia mchezo wa bunduki, yeye na gemupadi yake, mimi na kipanya na kibodi, nilimshinda mpaka akakataa kuendelea. Tangu siku hiyo yeye asema kipanya ni chombo cha makarani, nami nasema gemupadi ni ya watoto. Nina akiba ya kununua kitu kimoja tu: ama gemupadi, ama kipanya na kibodi bora kuliko nilivyo navyo. Ninunue kipi, na nani kati yetu asemaye kweli?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtu wa Lamu, basi nianze na mashua. Nahodha akiisukuma kana, yaani mkono wa usukani, upande mmoja na kuishikilia hapo, chombo huendelea kugeuka, na kadiri anavyoisukuma mbali ndivyo kinavyogeuka kwa haraka, mpaka airudishe kati. Kijiti cha gemupadi kinachogeuza macho ya mchezaji kimeundwa hivyohivyo: hakina uwezo wa kuonyesha mahali, kinaweza tu kuamuru kasi ya kugeuka, nawe ni lazima ukirudishe kati kwa wakati wake, la sivyo utapitiliza ulipokusudia. Kipanya, kwa upande wake, ni kidole cha kuonyeshea. Mkono ukisogea sentimita mbili, shabaha husogea kwa kiasi chake, na mkono ukisimama nayo imesimama papo hapo. Tena kipanya husukumwa na kiwiko, kifundo cha mkono na vidole kwa pamoja, juu ya meza yenye nafasi, ilhali kijiti kina mwendo mfupi usiofika hata upana wa kidole gumba, na ndani ya mwendo huo kidole kimoja chatakiwa kupata kasi zote, kuanzia ya kumfuata adui aliye mbali hadi ya kugeuka nyuma ghafla.

(Wenye kujua bahari watakumbuka kwamba kana ikisukumwa kushoto, omo, yaani mbele ya chombo, huelekea kulia. Michezo mingi ina chaguo la kugeuza mwelekeo wa kijiti kwa namna hiyo, na wako wachezaji wasioweza kucheza bila ya chaguo hilo. Wenzao huwacheka bure.)

Kwa hiyo, ulipomshinda binamu yako kwa bunduki, sehemu kubwa ya ushindi ilikuwa ya kipanya. Watengenezaji wa michezo wanaujua udhaifu huu wa kijiti, na ndiyo sababu michezo mingi ya bunduki humpa mwenye gemupadi msaada wa siri: shabaha inapokaribia mwili wa adui, hupungua kasi yenyewe kana kwamba imeingia kwenye matope, na mara nyingine huvutwa kidogo kumfuata adui anaposogea. Msaada huo ni sehemu ya sababu iliyoufanya mchezo wa Halo wa mwaka 2001 uchezeke vizuri bila ya kipanya. Panapokuwa na mashindano ya watu wa aina zote mbili, swali la msaada huo uwe mkubwa kiasi gani huzua ugomvi usiokwisha, kwani ukizidi, mwenye kipanya hulalamika, na ukipungua, mwenye gemupadi hana la kufanya. Mchezo wa bunduki wa Valorant, ule wa kompyuta, umeukata mzizi wa ugomvi: humo gemupadi haipokelewi kabisa.

Sasa tuyatazame yale mabao saba. Kibodi yako ina vitufe vinne vya kumwelekeza mchezaji, na ukibonyeza viwili kwa pamoja unapata pande za kati. Jumla ni pande nane, zilizoachana kwa nyuzi 45. Ukiona mwanya kati ya mabeki wawili kwenye pembe ya nyuzi 20, kibodi haina neno la kuutaja: utapiga mbele moja kwa moja au utapiga mshazari. Binamu yako alikuwa na duara zima chini ya kidole gumba. Aliweza pia, ikiwa mchezo waruhusu, kukisukuma kijiti nusu ili mchezaji atembee na mpira karibu na mguu, ambapo kitufe cha kibodi hakina nusu: kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Bahati yako ni kwamba michezo ya mpira huzisahihisha pasi kwa kiasi fulani, vinginevyo watu wa barazani wangehesabu zaidi ya saba.

Jambo hilo la nusu ndilo linaloipa gemupadi ushindi katika michezo ya magari vilevile. Vifyatulio viwili vya nyuma hupima kina cha kidole, kwa hiyo breki yaweza kukanyagwa kidogo, na dereva wa lori katika Euro Truck Simulator 2 anayeteremka mlima na shehena hufurahia sana neema hiyo. Kwa upande wa pili, michezo ya mikakati, ambamo mchezaji huchagua askari 30 kwa kuwazungushia mstari na kuwatuma mahali maalumu, ni mateso matupu kwa gemupadi.

Ama kuhusu nani asemaye kweli, binamu yako amegusa historia bila ya kujua. Kipanya kilibuniwa kwa kazi za maandishi na hesabu. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco mwezi Desemba mwaka 1968, na kile cha majaribio cha awali kilikuwa na gamba la mbao. Michezo ya bunduki ilikichukua baadaye sana. Hata mchezo wa Quake ulipotoka mwaka 1996, wachezaji wengi walikuwa bado wanageuka kwa mishale ya kibodi, na mtindo wa kuweka vidole vya kushoto juu ya W, A, S na D huku mkono wa kulia ukishika kipanya ulienezwa kwa kiasi kikubwa na Dennis Fong, aliyejulikana kwa jina la Thresh, ambaye mwaka 1997 alishinda mashindano ya Quake na kujipatia gari la Ferrari lililokuwa mali ya John Carmack, mmoja wa waundaji wa mchezo huo. Wewe nawe umekosea kuhusu utoto. Kijiti cha kidole gumba kilichokuja na mashine ya michezo ya Nintendo 64 mwaka 1996, na vijiti viwili ambavyo Sony iliviweka katika kifaa cha PlayStation mwaka 1997, vilitatua tatizo la kutembea ndani ya ulimwengu wenye pande tatu, tatizo ambalo kibodi mpaka leo inalitatua kwa kukadiria tu.

Nunua gemupadi. Kipanya ulicho nacho kimekwisha kumshinda binamu yako, na kipanya cha bei nafuu kinatosha kwa muda mrefu ukikiwekea mipangilio sahihi: ingia katika mipangilio ya kipanya ya Windows, ukalizime lile chaguo linalouongezea mshale kasi kadiri mkono unavyoharakisha, kwa sababu chaguo hilo huufanya mwendo uleule wa mkono ulete matokeo tofauti kila mara, na mkono haupati la kuzoea. Ukiwa na vyote viwili juu ya meza hulazimiki kuapa kwa kimoja. Katika mchezo wa GTA V, kwa mfano, waweza kupigana kwa kipanya, ukaingia garini na kunyakua gemupadi bila ya kuusimamisha mchezo.

Kibodi nzuri ingekuwa muhimu zaidi kama mngekuwa mnaichezea wawili, kama wafanyavyo ndugu wengi. Vitufe vya kibodi ya kawaida vimeunganishwa kwa mistari ya wima na ya mlalo, na vitatu vikibonyezwa kwa pamoja katika makutano mabaya, kompyuta haiwezi kutambua kitufe cha nne kama kimebonyezwa kweli, basi hukipuuza. Ndiyo maana mmoja akikimbia na kupiga shuti, mwenziwe hujikuta amesimama kama mlingoti.

Sasa ununuzi wenyewe. Vijana huiita gemupadi kwa kifupi "pedi", neno ambalo si la kuulizia dukani kwa sauti kubwa bila ya maelezo. Michezo mingi mipya ya Windows hutarajia mfumo uitwao XInput, uliokuja na kifaa cha Xbox 360 mwaka 2005. Gemupadi nyingi za bei nafuu zina mfumo wa zamani wa DirectInput, au zina swichi ndogo yenye herufi X na D ya kuchagulia; ukiiona, iweke kwenye X. Ukipata ya PlayStation 4 iliyotumika, na kwenye mabanda ya michezo hazikosekani, itafanya kazi kwa waya wa USB kupitia Steam, programu ya kununulia na kuchezea michezo, ambayo huitafsiria lugha ya gemupadi hiyo kwa michezo.

Usilipe kabla ya kuijaribu. Ichomeke katika kompyuta ya muuzaji, fungua kisanduku cha Run cha Windows, andika joy.cpl, kisha zungusha vijiti na kuviachia. Alama ya msalaba ikikaa pembeni badala ya kurudi kati, kijiti kimechoka. Ndani yake mna utepe wa kaboni unaosuguliwa na ulimi mdogo wa chuma kila unapokisogeza. Utepe ukilika, kompyuta hudhani kwamba kidole kingali kinasukuma, na mchezaji wako hutembea peke yake. Ziko gemupadi zinazotumia sumaku mahali pa utepe, na kwa kuwa humo hakuna cha kusuguana, kijiti hicho huishi zaidi. Ukimudu tofauti ya bei, chagua hiyo.

Na usisahau unakoishi. Hewa ya Langoni ina chumvi na unyevu, navyo hula shaba ya tundu la USB kama vinavyokula misumari ya madirisha. Ukimaliza kucheza, ihifadhi gemupadi katika mfuko unaofungika, pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Kutu ya kijani ikianza, pangusa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, kifaa kikiwa kimechomolewa. Usipulize kwa mdomo, kwani utakuwa unaongeza unyevu ulioukimbia.

Swali. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Malindi. Mdogo wangu aliumia mkono wa kushoto katika ajali ya bodaboda, na vidole vitatu, cha kati, cha pete na cha mwisho, havijarudisha nguvu. Alikuwa hodari wa kucheza kwa kibodi na sasa ameacha kabisa. Je, gemupadi yaweza kumfaa?

Jibu. Pole sana, mwalimu, na umfikishie pole hizo. Kwa vidole ulivyovitaja, nadhani itamfaa kuliko unavyotarajia. Kibodi hutaka vidole vya kati na vya pete vifanye kazi ya kutembea, yaani ilivipa mzigo mzito vile vile vilivyodhurika; gemupadi hukiachia kidole gumba kutembea na cha shahada kubonyeza vya juu, na vitatu vilivyobaki hushikilia tu. Kama hata kushikilia kunamchosha, aiweke juu ya mto mapajani. Azime pia mtetemo, na kupitia Steam ahamishe kazi za upande wa kushoto kama itakavyompendeza yeye, kwa maana kila kitufe chaweza kupewa kazi nyingine.

Asiogope pia kuchanganya, gemupadi kushoto kwa kutembea na kipanya kulia kwa kulenga, ingawa baadhi ya michezo hubabaika ikipokea vyote viwili kwa wakati mmoja. Na iwapo siku moja mtapata uwezo, Microsoft ilitoa mwaka 2018 kifaa kiitwacho Xbox Adaptive Controller, chenye vitufe viwili vipana kama visahani na matundu mengi ya kuchomekea swichi za nje, ambazo zaweza kubonyezwa kwa kiwiko, goti au mguu. Hufanya kazi na kompyuta ya Windows.

Swali. Nyumba yetu ya Shela, Lamu, ni ya mawe na kuta zake ni nene. Gemupadi yangu ya Bluetooth huchelewa: nabonyeza, kisha baadaye ndipo mchezaji apiga mpira. Je, ni kuta?

Jibu. Kuta hazina kosa, maana wewe na kompyuta mko upande mmoja wa ukuta. Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo hutumiwa pia na Wi-Fi, na vifaa vya USB 3 vilivyochomekwa karibu, kama vile diski za nje, huweza kuyavuruga. Ondoa diski, kisha cheza kwa waya. Ucheleweshaji ukiendelea hata kwa waya, na ikiwa umeiunganisha kompyuta na televisheni, basi mchelewaji ni televisheni inayopamba picha kabla ya kuionyesha. Tafuta katika menyu yake hali ya michezo, na uiwashe.