Mchezo Unaodai Nifungue Ruta

SWALI: Mhariri, kila toleo jipya la mchezo ninaoucheza mtandaoni linapotoka, programu ya kuusasisha hunitaka nifungue milango (port, yaani njia za data kuingia kutoka nje) kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Nimeifungua kama nilivyoelekezwa, lakini upakuaji bado unajikokota. Nifanye nini?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, una kila sababu ya kulalamika. Programu nyingi za aina hii zilijengwa kwa mtindo wa BitTorrent, kama ile ya World of Warcraft, mchezo uliotoka mwaka 2004: badala ya kampuni kukutumia faili lote kutoka kwenye seva zake, wachezaji hugawiana vipande, na ndiyo maana kompyuta yako inatakiwa kufikika kutoka nje. Kampuni hupunguza gharama, nawe unabebeshwa kazi ya fundi. Kumtendea hivyo mteja aliyelipa si haki.

Kabla ya kuigusa ruta tena, tazama katika mipangilio yake anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni) ya upande wa intaneti. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo milango unayoifungua nyumbani haifiki nje kamwe. Mwombe anwani ya umma, yaani isiyotumiwa na wateja wengine, ambayo huenda akaitoza ada, au, ikiwa programu inaruhusu, zima ugawanaji wa vipande ili faili lije moja kwa moja kutoka kwenye seva. Ukiuzima ugawanaji huo, ifunge milango uliyoifungua, kwa usalama wako.