Ngozi Imepauka na Inawasha: Maswali Yenu Kuhusu Krimu za Mimea

Napaka jeli ya mshubiri kila asubuhi, lakini mchana ngozi inakakamaa tena. Nakosea wapi?

Umeishia njiani. Jeli ya mshubiri karibu yote ni maji: inapoza muwasho, kisha inakauka. Ngozi ya juu ni kama ukuta, seli ndizo matofali na mafuta ya asili ndiyo udongo unaoyashikanisha. Udongo ukipukutika, maji ya mwilini hutoka kupitia nyufa. Kwa hiyo jeli ikiwa bado haijakauka, ifunike kwa siagi ya shea. Chota kiasi cha punje ya haragwe, isugue viganjani mpaka iyeyuke na kung'aa, ndipo uibandike taratibu. Wakati wake hasa ni ukitoka kuoga, ngozi ingali na unyevunyevu.

Mafuta ya zeituni ya jikoni yanafaa kwa miguu iliyopauka?

Yaache jikoni. Yana asidi ya oleiki nyingi, aina ya asidi ya mafuta, nayo huulegeza ule udongo wa ukuta wa ngozi. Afadhali mafuta ya alizeti yenye kwa wingi asidi nyingine ya mafuta, ya linoleiki. Soma chupa lakini, maana kuna alizeti iliyozalishwa makusudi iwe na oleiki.

Krimu yangu ni ya asili kabisa, ina kalendula, kamomaili na mafuta ya lavenda. Mbona imenitoa vipele?

Upupu nao ni wa asili. Kalendula na kamomaili ni maua ya ukoo mmoja, na mwenye mzio wa moja huweza kuikataa na nyingine. Mafuta ya lavenda yakipigwa na hewa huzidi kuchochea mzio. Binafsi, krimu inayonukia siipaki kwenye ngozi iliyochubuka. Acha hiyo, na inayofuata ijaribu kwanza ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hivi.

Oti, ile nafaka, zinasaidia kweli?

Hizo nazitetea. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilizikubali mwaka 2003 kuwa kinga ya ngozi. Zisage mpaka kijiko kimoja kiyageuze maji ya glasi kuwa meupe kama maziwa, kisha uogee kwa maji ya uvuguvugu. Angalia tu sakafu, inateleza vibaya.

Nikijitengenezea krimu, itadumu miezi?

Mafuta matupu, sawa. Ukitia maji bila kihifadhi, bakteria huzaliana kabla hujaona ukungu.

Mikunjo ya mikono inatoa majimaji na kuganda magamba ya manjano. Nipake nini?

Usipake kitu. Huenda ni maambukizi. Nenda ukamwone daktari.