Kuku Anayetafuta pa Kutagia: Kutotulia Miezi Kadhaa Baada ya Kuacha Sigara

Nilivuta sigara kwa miaka 19, na nimeiacha mara mbili. Mara ya kwanza nilidumu miezi minne tu. Sikurudi kwa kushawishiwa na marafiki, wala kwa ile kiu kali ya siku za mwanzo ambayo vijana wa hapa Tabora huiita arosto, kwa maana hiyo nilikuwa nimekwisha kuivuka. Nilirudi kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyenionya juu yake, yaani hali ya kutotulia iliyonijia wakati nilipodhani kazi imekwisha. Niliitafsiri vibaya, nikajiambia kwamba mwili wangu umekwisha kuzoea sigara kiasi cha kutoweza kuishi bila hiyo, na kwamba nilikuwa najitesa bure. Mara ya pili, ambayo sasa inaelekea kutimiza miaka mitatu, hali ileile ilikuja tena katika mwezi wa tano tangu niache. Safari hiyo niliichunguza kabla ya kuihukumu.

Anayevuta au aliyeacha jana anaweza kuichanganya hali hii na hamu ya sigara. Mimi niliweza kupita mbele ya duka lililopanga pakti dirishani na moyo usishtuke. Lakini mguu ulikuwa ukitikisika chini ya meza bila kuagizwa. Kazi yangu ni utunzaji wa hesabu, kazi ya kukaa, na mwezi ule wa Desemba nilikuwa nikijumlisha safu moja ya tarakimu mara tatu, nikainuka kwenda mlangoni, nikarudi, nikafungua simu bila kujua ninatafuta nini, kisha nikainuka tena. Nyumbani nilianza kutengeneza bawaba ya dirisha, nikaiacha nusu, nikahamia kwenye bomba la maji ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Jioni moja mke wangu, akiwa anachambua karanga barazani, alinitazama kwa muda kisha akasema, "Baba Neema, umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Keti basi, au utage tujue moja." Watoto walicheka. Mimi nilikasirika, na hasira ile nayo ilikuwa sehemu ya maradhi yenyewe.

Nikotini huondoka mwilini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Nusu yake hutoweka katika damu kwa muda wa saa 2 hivi, na baada ya siku chache huwa haikubaki ya kuhesabika. Dalili za kuikosa huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, nazo kwa watu wengi hulegea ndani ya wiki 2 hadi 4. Hata vile vipokezi vya ubongo, yaani sehemu ndogo zinazoinasa nikotini, ambavyo huongezeka kwa mvutaji hurudi katika idadi ya kawaida baada ya wiki 6 hadi 12. Mtu aliyemaliza miezi mitano bila sigara hana tena deni la nikotini mwilini mwake. Laiti ningeyajua haya mara ya kwanza, nisingeamini kwamba mwili ndio uliokuwa ukidai.

Kilichonifumbua macho kwanza kilikuwa kahawa. Nilikwenda zahanati kupima presha, kwa kuwa moyo ulikuwa unanienda mbio nyakati za usiku, na tabibu aliyenipokea alikuwa binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Alinisalimu shikamoo, akanifunga mkanda wa kipimo, akauliza, "Baba, tangu uache sigara, kahawa umepunguza?" Nikamjibu kwamba sioni sababu ya kuipunguza, kwa maana ndiyo starehe pekee iliyonibakia. Alicheka, kisha akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya kuvuta sikuwa nimelisikia. Moshi wa sigara huliamsha ini lifanye kazi ya kuvunja kafeini haraka kupita kawaida, karibu mara mbili ya kasi ya asiyevuta, na kinachofanya hivyo ni kemikali zilizomo katika moshi, wala si nikotini. Mtu akiacha kuvuta, ini hurudi katika mwendo wake wa kawaida ndani ya siku chache, lakini mkono haujui na huendelea kuinua vikombe vilevile. Kafeini hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi, na matokeo yake ni mapigo ya moyo, usingizi wa mang'amung'amu na miguu isiyotulia.

Mimi nilikuwa nakunywa kahawa chungu vikombe sita katika kijiwe cha Gongoni, tena jioni, na asubuhi chai ya rangi iliyokolea. Kumbe nilikuwa kama mtu aliyezidishiwa dozi kila siku kwa miezi mitano. Nilishuka hadi vikombe viwili, vyote kabla ya saa sita mchana, na katika wiki ya pili nilianza kulala. Namshauri kila aliyeacha sigara aanzie hapa, kwa sababu ni rahisi na haihitaji ushujaa wowote. Yule tabibu aliniongezea pia kwamba mtu anayetumia dawa ya pumu ya aina ya aminofilini ni lazima amweleze daktari kuwa ameacha kuvuta, kwa kuwa ini huivunja dawa hiyo kwa njia ileile, na dozi iliyomfaa alipokuwa mvutaji inaweza kumzidi.

Hata hivyo kahawa haikuwa habari yote. Usingizi ulirudi, moyo ukatulia, lakini ofisini mguu uliendelea kutikisika. Hapo nilifanya ambacho mtunza hesabu yeyote angefanya: nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Zamani nilivuta sigara 14 kwa siku, na kila moja ilinichukua dakika 7 hivi tangu kuinuka hadi kuzima kipisi. Hizo ni dakika 98. Kwa zaidi ya saa moja na nusu kila siku nilikuwa nje, nimesimama chini ya mwembe, natazama mbali, navuta pumzi ndefu na kuitoa polepole, wala hakuna aliyenisemesha. Nilipoitupa sigara nilizitupa na dakika zile, kisha kwa upumbavu uliojificha ndani ya fahari nikazigeuza zote kuwa za kazi, nikajisifu kwamba sasa ninakaa mezani tangu asubuhi hadi mchana bila kuinuka.

Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaambiwa tuiache sigara, nasi tunaacha pamoja nayo kila kilichokuwa kimeifunika, pamoja na mapumziko ambayo hayakuwa na kosa lolote. Sigara ilikuwa kibali cha kuinuka. Mvutaji akisimama nje hakuna anayemuuliza, ila asiyevuta akisimama chini ya mwembe mikono mitupu, wenzake watatu watakuja mmoja mmoja kumuuliza, "Vipi mzee, kuna tatizo?" Niliona aibu mwanzoni, kisha nikaizoea. Nilirudisha vipindi vinne vya kutoka nje, saa tatu, saa tano, saa nane na saa kumi, kila kimoja dakika 7 zilezile za zamani. Simu naiacha mezani, kwa maana niliyoyaona yananitosha: anayetoka nje na simu hajatoka. Nasimama, natazama paa la mbali kabisa ninaloweza kuliona, na napumua kama nilivyokuwa nikipumua wakati wa kuvuta, polepole kwenda ndani na polepole zaidi kutoka nje. Sehemu kubwa ya utulivu niliokuwa nikiusingizia sigara ilikuwa ya pumzi ile na kimya kile. Ndani ya mwezi mmoja mguu ulinyamaza.

Mikono na kinywa vina matatizo yao, ila hayo ni madogo. Nilitafuna matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ofisini hadi jirani wa meza akalalamika kuhusu sauti, na niliongezeka uzito kiasi cha kutoboa tundu jipya katika mkanda, jambo ambalo sasa nimelirekebisha kwa kutembea kila jioni dakika 40 kabla ya chakula. Matembezi hayo yalinifaa kwa wahka wa jioni kuliko kitu kingine chochote, hasa siku za ukaguzi wa hesabu.

Limebaki jambo la misimu. Aliyeacha mwezi Julai, kama mimi, hukutana na kila tukio la mwaka kwa mara ya kwanza bila sigara: mvua ya kwanza, mkesha wa kwanza wa msiba ambapo wanaume hukaa kuuzunguka moto, mwisho wa kwanza wa mwaka wa hesabu. Kumbukumbu ya mahali na saa hudumu kuliko nikotini, na tukio ambalo hujalipitia huja na fadhaa yake hata kama miezi tisa imekwisha. Kwangu tukio kubwa lilikuwa Februari, nilipokwenda Urambo kumsaidia kaka yangu kuchuma tumbaku. Sisi watu wa mkoa huu tuna mzigo wa ziada ambao waandishi wa ushauri wa mijini hawaufikirii, kwani sumu tunayoikimbia ndiyo inayosomesha watoto wetu. Urambo imelima tumbaku tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza kushindwa, na siwezi kumwambia kaka yangu ang'oe mimea yake kwa kuwa mimi nimeacha kuvuta.

Siku ya kwanza nilichuma asubuhi, majani yakiwa yamelowa kwa mvua ya usiku, nami nimevaa shati la mikono mifupi. Kufikia saa nne nilipata kizunguzungu na kichefuchefu. Nikotini huyeyuka katika maji yaliyo juu ya jani na kupenya kwenye ngozi, na anayechuma akiwa ameloa huipata bila kuwasha kiberiti. Usiku tulikesha bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, kuchochea kuni, wenzangu wakavuta, na siku tatu zilizofuata nilikuwa kuku yuleyule wa Desemba, safari hii pamoja na hamu halisi ya sigara. Sikuvuta, lakini nilikuwa karibu. Tangu hapo nasubiri umande ukauke, navaa mikono mirefu na glavu, nabadili nguo zikilowa, na naoga kwa sabuni mara nikitoka shambani. Mkesha wa bani nimewaachia vijana. Kaka yangu husema nimekuwa mgeni wa heshima, nami sibishi.

Kama umeshapunguza kahawa, umejirudishia mapumziko yako, na bado kutotulia kunaendelea wiki baada ya wiki, hasa kukiwa na huzuni nzito, kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kukonda bila sababu au mikono kutetemeka, nenda ukapimwe. Zipo hali nyingine, kama sonona au matatizo ya tezi ya shingoni, ambazo zinaweza kukaa nyuma ya jina la "kuacha sigara" kwa miezi mingi huku mwenyewe akijilaumu.

Kijiweni Gongoni bado nakwenda jioni, kwa sababu sikutaka kupoteza na marafiki wa drafti. Vikombe vyangu viwili vya kahawa nimeshavimaliza mchana, na muuzaji analijua hilo. Wiki iliyopita nilijisahau nikanyoosha mkono kuelekea birika lake. Akalisogeza pembeni, akanimiminia tangawizi, akasema, "Mzee, vyako viwili vilikwisha tangu saa tano."