Jibu: Maji Maji, vita ya dini au ya pamba?
Mkuu, umeuliza kama Maji Maji, vita ya kuupinga utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanganyika, ilikuwa vita ya dini au ya pamba. Mimi naanza na pamba. Julai 1905 kule Nandete, Umatumbini, watu walianza kwa kung'oa miche ya pamba. Walikuwa wakilimishwa kwa viboko huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu, na kodi ya nyumba inawasubiri. Hapo siasa na uchumi huvitenganishi: akida, yaani msimamizi wa eneo aliyewekwa na Mjerumani, ndiye huyo huyo anayedai kodi. Dini je? Maji ya dawa ya Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, ambayo watu waliamini yanawakinga na risasi, yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangoni na wengine ambao hawakuwahi kuwa kitu kimoja. Bila hayo, nadhani yangebaki maasi ya vijiji vichache tu. Ila ukisema dini ndiyo chanzo, hapo nakataa.