Maswali ya Wasomaji: Kupanga Upya Gemu za Zamani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimeandika programu inayochanganya mahali vinapofichwa vifaa katika gemu ya zamani, lakini mara nyingine mchezaji hukwama asiweze kuendelea. Je, wanaochanganya The Legend of Zelda: A Link to the Past hulizuiaje jambo hilo? — Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, umegusa kiini cha kazi hii, kwani kuchanganya ni rahisi, kuhakikisha kwamba gemu bado inamalizika ndiko kugumu. Katika gemu hiyo, iliyotoka Japani mwaka 1991, zimo njia zilizozibwa kwa vigingi visivyozama ardhini ila kwa kupigwa nyundo. Bahati nasibu ikiificha nyundo nyuma ya vigingi hivyo, na pasiwe na njia nyingine ya kufika huko, mchezaji ameshindwa kabla hajaanza.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanganya chochote, andika masharti ya kila sanduku linalofichwa kifaa: ili alifikie, mchezaji lazima awe na nini? Kazi hii inachosha, nayo haina njia ya mkato, maana sharti moja likisahaulika hesabu nzima inaharibika. Kisha panga vifaa kwa kurudi nyuma. Programu ianze kwa kuchukulia kwamba mchezaji anavyo vyote. Ichomoe kimoja, tuseme nyundo, itafute masanduku matupu yanayofikika kwa vifaa vilivyobaki, na iiweke katika mojawapo. Ichomoe kingine, na kuendelea hivyo hadi vyote vipate mahali. Nyundo haitaangukia mahali pasipofikika bila nyundo, kwa sababu ilipotafutiwa sanduku ilihesabiwa kuwa haipo. Ukipanga kwa kwenda mbele, vifaa muhimu huelekea kurundikana karibu na mwanzo, na kwa maoni yangu utamu wa kutafuta hupungua sana.

Hifadhi pia namba ambayo programu yako ilianzia kuchanganya, kwa kuwa namba ileile huzaa mpangilio uleule, na hivyo watu wawili wanaweza kushindana kwa haki, nawe unaweza kuchunguza mpangilio uliolalamikiwa. Mbinu hii ni ya siku nyingi. River Raid, gemu ya kurusha ndege juu ya mto aliyoibuni Carol Shaw mwaka 1982 kwa ajili ya mashine ya Atari 2600, ilitoshea katika kaseti ya kilobaiti 4. Haikuhifadhi ramani ya mto, bali ilizikokotoa kingo zake kwa kanuni iliyoanzia namba ileile kila mara, na kila mchezaji akaukuta mto uleule.

SWALI: Sijui kuandika programu. Je, ninaweza kubuni hatua mpya za Doom? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Unaweza, tena kwa urahisi kuliko katika gemu nyingi za rika lake. Doom ya mwaka 1993 huweka ramani, picha na sauti katika faili za WAD, mbali na programu inayoiendesha, kwa hiyo anayebuni hatua hahitaji kuigusa programu hiyo. Kama huna gemu yenyewe, mradi wa Freedoom hutoa picha na sauti za bure, na programu ya Ultimate Doom Builder itakuwezesha kuchora kuta kwa kipanya. Anza na vyumba viwili, mlango mmoja na ufunguo wake, uvicheze mwenyewe, ndipo uongeze cha tatu.